Anayepanda Ngazi Naye ni Mfanyakazi: Tamko la Wasafishaji wa Nje ya Majengo wa Kitengela na Kajiado Kuhusu Fidia ya Ajali Kazini

Sisi tunaoosha kuta, madirisha, paa, gata, matangi na viwanja vya kabro katika Kitengela, Kisaju, Isinya na Kajiado mjini, tumekaa pamoja, tukasikilizana na kukubaliana kutoa tamko hili. Tunalielekeza kwa Bunge, kwa Wizara ya Kazi na Kurugenzi yake ya Usalama na Afya Kazini, kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima na kampuni za bima, kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado, kwa wenye majengo na mawakala wao, na kwetu sisi wenyewe tunaoifanya kazi hii.

Wengi wetu tumejiajiri. Hatuna bosi wala hati ya mshahara. Tuna ngazi, mashine ya presha, ndoo, kamba na nambari ya simu iliyobandikwa kwenye mlango wa duka la rangi. Tukipata kazi kubwa tunaita vijana wawili watatu watusaidie. Kazi ikiwa ndogo tunapanda wenyewe. Kwa sababu hiyo tunasema mambo mawili kwa pamoja, na tunaomba yasitenganishwe. La kwanza, mtu aliyejiajiri akiumia kazini anastahili fidia kama mfanyakazi mwingine yeyote. La pili, kijana anayepanda ngazi kwa agizo letu anastahili fidia hiyo kutoka kwetu, leo hii, bila kungoja sheria mpya.

Kazi yetu na hatari zake

Kitengela ilianza kama kituo kidogo cha biashara cha Noonkopir, kando ya barabara ya Namanga. Sensa ya 2019 ilikuta hapa mji wa watu zaidi ya 150,000. Malisho yamekatwa ploti, na ploti zimeota fleti. Vumbi la barabara za murram na la viwanda vya saruji vya Athi River hutua kwenye vioo na mabati mwaka mzima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na yakikauka kwenye kioo huacha utando mweupe ambao sabuni haiuondoi. Ndiyo sababu familia nyingi hukinga maji ya mvua, na ndiyo sababu simu zetu hulia zaidi majuma machache kabla ya masika na vuli: kila mwenye nyumba anataka gata zake zisafishwe kabla ya tone la kwanza kuingia kwenye tangi.

Hatari huanzia chini, kwenye udongo. Udongo mweusi wa Kitengela hupasuka kiangazi na kuvimba ukiloa. Ngazi iliyosimama imara saa mbili asubuhi huweza kuzama mguu mmoja ifikapo saa nne, kwa maji yale yale tunayoyatumia kuoshea. Aliye juu huhisi ngazi inaegemea upande, ilhali mkono mmoja umeshika bunduki ya mashine ya presha, na nguvu ya maji inamsukuma kurudi nyuma. Hana sekunde nyingi za kuamua atakachokiachia.

Kuanguka si hatari pekee. Kuna balkoni zilizojengwa karibu mno na nyaya za umeme, nasi tunafanya kazi kwa maji. Kuna asidi ya kuondolea chumvi kwenye vioo na vigae, ambayo huunguza ngozi na macho. Kuna matangi yenye mdomo mwembamba na hewa nzito ndani. Na kuna jeraha ambalo wengi hawalijui: mkondo wa mashine ya presha ukikutana na kidole kwa karibu hupenyeza maji na uchafu ndani ya nyama. Kwa nje huonekana tundu dogo, mtu hulifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi, kumbe anahitaji daktari wa upasuaji siku hiyo hiyo.

Tumewaona wenzetu wakiumia. Mmoja aliteleza kutoka kwenye paa la fleti akisafisha gata, akavunjika nyonga. Mwenye jengo alilipia gari la kumfikisha hospitalini na ujira wa siku ile, kisha akasema kwamba yule alikuwa kontrakta, si mfanyakazi wake. Jamaa na marafiki walichanga. Mashine yake ya presha iliuzwa ili kulipa kodi ya nyumba, ngazi ikafuata. Alipoweza kutembea tena, hakuwa na kifaa hata kimoja cha kurudi nacho kazini. Michango ile tunaishukuru na tutaendelea kuitoa, lakini mchango hutegemea huruma na mifuko ya watu wa mwezi huo. Fidia ni haki, na haki haipaswi kutegemea ni nani amepokea ujumbe wa simu.

Sheria inavyosema sasa

Sheria ya Kenya kuhusu jambo hili ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu kazini anaiita WIBA. Ni sheria nzuri kwa yule inayemfikia. Mwajiriwa aliyeumia akiwa kazini hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Uzembe wa kawaida wa mfanyakazi haumnyimi fidia. Hata mwenye utovu wa nidhamu wa makusudi hapotezi haki yake ikiwa ameumia vibaya au amefariki. Anayelemazwa kabisa, au familia ya aliyefariki, hulipwa kiasi kinacholingana na mapato yake ya miezi 96. Anayelemazwa sehemu hulipwa asilimia ya kiasi hicho kulingana na jeraha. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa mapato yake kwa hadi miezi 12. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri, na mwajiri anatakiwa awe na bima ya kubeba mzigo huo.

Sheria hii ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali rufaa ya Chama cha Wanasheria cha Kenya, na tangu hapo njia imenyooka: dai la fidia huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Kwa maskini hiyo ni nafuu kubwa, kwa kuwa anaweza kudai bila kulipa wakili.

Lakini WIBA inamtambua mwajiriwa, yaani mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kutoa taarifa, hana mshahara wa kuzidisha kwa 96, na kwa hiyo hana dai. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaja waziwazi mtu aliyejiajiri na kumpa wajibu wa kujilinda na kuwalinda wengine. Hivyo mwaka mmoja wa kutunga sheria ulimtwisha aliyejiajiri wajibu wa usalama, ukamwacha nje ya fidia.

Miaka mitatu baadaye, 2010, Wakenya walipitisha Katiba. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii. Kifungu cha 41 kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki katika kazi. Katiba haikuuliza nani ana bosi. Tunasoma vifungu hivyo kama vilivyoandikwa, na tunadai WIBA ilinganishwe navyo.

Wapo watakaotuambia kwamba bima ya afya inatosha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tumeingia chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na tunawahimiza wanachama wote walipe michango yao. Hata hivyo SHA hulipa hospitali. Hailipi kodi ya nyumba, karo wala chakula kwa miezi ambayo mtu amelala na chuma mguuni, na haimpi kitu mjane wa aliyeanguka. Hayo ndiyo mambo ambayo fidia ya kazini ilibuniwa kuyashughulikia.

Sisi pia ni waajiri

Tunataka kusema jambo ambalo halisemwi vya kutosha miongoni mwetu. Siku tunapomwita kijana pale steji na kumwambia, "Njoo unishikie ngazi, nitakupa mia nane," tumekuwa waajiri. Hakuna karatasi iliyotiwa sahihi, lakini kuna kazi, kuna maagizo na kuna ujira. Akianguka, deni ni letu.

Tupige hesabu wazi. Kijana anayelipwa shilingi 800 kwa siku na kufanya kazi siku 24 kwa mwezi anapata shilingi 19,200. Zidisha kwa miezi 96: shilingi 1,843,200. Hicho ndicho kiasi cha ulemavu kamili au kifo. Daktari akiukadiria ulemavu wake kuwa asilimia 30, ni shilingi 552,960. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kutoa pesa hizo mfukoni, na kijana hapati chochote kwa kumshtaki mtu asiye na kitu. Tuzo isiyolipika ni karatasi tu. Bima ndiyo inayoigeuza karatasi hiyo kuwa pesa.

Tatizo ni kwamba bima ya WIBA inayouzwa leo imeshonwa kwa vipimo vya kiwanda. Kampuni ya bima inauliza jumla ya mishahara ya mwaka mzima na kukokotoa ada kutokana nayo, pamoja na kiwango cha chini cha kuanzia. Kiwanda cha Athi River chenye daftari la mishahara kinajibu swali hilo kwa dakika moja. Sisi tunaoajiri vijana wawili kwa siku tatu, kisha hakuna mtu kwa majuma mawili, hatuna jibu la kweli la kuandika kwenye fomu hiyo. Matokeo ni kwamba wengi hukata bima pale tu zabuni inapoidai, na cheti kikiisha muda wake hakihuishwi.

Vilevile kuna upotoshaji unaotoka juu yetu. Baadhi ya wenye majengo na mawakala humwita kontrakta mtu anayefagia na kuosha jengo lao kila siku, kwa saa walizopanga wao na kwa vifaa vyao. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia jumla ya mwezi mmoja hugeuka kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi. Mtu wa namna hiyo hajajiajiri. Ni mwajiriwa aliyevalishwa jina jingine ili bima isikatwe, na akiumia, WIBA inamhusu.

Kwingine wamefanyaje

Jambo tunalolidai linawezekana, na limefanyika. Tanzania ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na tangu Julai 2015 waajiri huchangia mfuko mmoja wa umma, WCF. Anayelipa aliyeumia ni mfuko, hata kama mwajiri wake amefilisika. Kenya tumeacha kila mwajiri na kampuni yake ya bima, na asiye na bima humwacha mfanyakazi mikono mitupu.

Ujerumani, bima ya ajali ya sekta ya ujenzi inajumuisha pia usafishaji wa majengo, na mwenye biashara anayefanya kazi kwa mikono yake anaweza kujiunga kwa hiari yake. Malaysia ilitunga mwaka 2017 sheria maalumu ya hifadhi ya jamii kwa waliojiajiri. Walianza na madereva wa teksi, na kufikia 2020 mpango ulipanuliwa hadi sekta nyingine nyingi. Hawakusubiri kila kitu kikamilike. Walianza na kundi moja na kujifunza.

Afrika Kusini, Maria Mahlangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani mjini Pretoria. Mwaka 2012 alizama katika bwawa la kuogelea la mwajiri wake akiwa kazini. Familia yake ilisema aliteleza kutoka kwenye ngazi iliyokuwa kando ya bwawa. Sheria ya fidia ya huko ilikuwa imewaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Bintiye alikwenda mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kuwaacha nje kulikuwa kinyume cha katiba. Hadhi ya kazi yake ilitambuliwa miaka minane baada ya kifo chake. Hatutaki familia ya Kitengela ingoje hivyo.

Nasi Wakenya tuna somo letu wenyewe. Mwaka 2011 mpango wa pensheni wa Mbao ulizinduliwa kwa ajili ya watu wa jua kali, wakiweka akiba ya shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Ulionyesha kwamba mtu asiye na mshahara anaweza kuchangia kidogo kidogo, mradi mpango umetengenezwa kwa kufuata jinsi pesa zinavyomfikia.

Madai yetu

Kwa hiyo tunadai yafuatayo:

1. Bunge na Wizara ya Kazi zirekebishe WIBA ili mtu aliyejiajiri aweze kujisajili kwa hiari. Fidia yake ikokotolewe kutokana na kipato alichotangaza na kukichangia, na kiwango cha chini kiwe mshahara wa chini uliotangazwa na serikali, ili asiye na vitabu vya hesabu asifungiwe mlango.

2. Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini ianze kupokea na kuhesabu taarifa za ajali za waliojiajiri, hata kabla ya sheria kubadilishwa. Ajali isiyoandikwa popote haiwezi kuingia katika mpango wowote. Maafisa wake waje Kitengela na Kajiado mjini kufundisha, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, jinsi taarifa inavyotolewa na dai linavyofunguliwa.

3. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, kwa kutumia kanuni za bima ndogo za 2020, ihimize bima ya ajali ya kikundi kwa watu wa kazi za juu, inayolipiwa kwa siku, kwa juma au kwa kazi moja. Hati iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kama bima haigharamii kazi inayozidi urefu fulani, sharti hilo liandikwe ukurasa wa kwanza, mahali mtu atakapoliona kabla ya kulipa.

4. Kampuni za bima zitofautishe kikundi kilichofunzwa, chenye mishipi ya usalama na ngazi zilizokaguliwa, na mtu anayepanda bila chochote. Tukilipishwa sawa sote, hakuna atakayeona faida ya kununua mshipi.

5. Serikali ya Kaunti ya Kajiado, inapotoa kazi za usafi wa majengo yake, iweke gharama ya bima kama kipengele chake katika zabuni, ili anayeikatia timu yake bima asishindwe na anayeiacha. Na inapopitisha ramani za fleti, idai vishikizo imara vya kamba juu ya paa. Ni gharama ndogo wakati zege linamwagwa, na mwenye jengo atavitumia kwa maisha yote ya jengo hilo.

6. Wenye majengo na mawakala wao waulize cheti cha bima kabla ya mtu kupanda, na wakubali kulipa bei inayobeba bima hiyo. Wasimwite kontrakta mtu wanayemwamuru kila siku.

Ahadi zetu

Hatutadai kwa wengine tusichokitimiza wenyewe. Kila mwanachama ameahidi haya:

Hatampandisha kijana juu bila bima inayomhusu kijana huyo, na hadi kampuni zitakapotoa bima inayofaa, tutakata ya pamoja chini ya kikundi.

Ataweka daftari la kila kazi: jina la msaidizi, tarehe, mahali na ujira. Fidia hukokotolewa kutokana na mapato, na asiyeandikwa hana mapato yanayoonekana.

Ajali ikitokea, ataitolea taarifa kwa Kurugenzi ndani ya siku saba kama sheria inavyotaka, na atamjulisha aliyeumia kwamba dai lina muda wake: lisipopelekwa ndani ya miezi 12 linaweza kupotea.

Ataweka ubao mpana chini ya miguu ya ngazi kwenye udongo mweusi, na mtu wa kuishika wakati wote. Hatafanya kazi karibu na waya wa umeme usiozimwa, wala juu ya bati mvua inaponyesha.

Hatashusha bei kwa kuondoa bima. Anayeshinda kazi kwa njia hiyo hajawa hodari kuliko mwenzake. Amemtwisha msaidizi wake hasara ambayo mwenye jengo angelipa.

Hitimisho

Kuna watu watakaosema kwamba mtu aliyejiajiri amechagua hatari yake. Wengi wetu tulichagua kazi, kwa sababu kazi ya mshahara haikupatikana, na tumeifanya kwa bidii. Tunalipa leseni za biashara, tunalipa ushuru katika kila lita ya petroli inayoendesha mashine zetu, na miji hii inaonekana safi kwa sababu yetu. Mwili unaovunjika kwa kazi ya manufaa kwa wengine una thamani ile ile, awe mwenyewe ana barua ya ajira au hana.

Tunaomba kukutana na Wizara ya Kazi, Mamlaka ya Kudhibiti Bima na Serikali ya Kaunti ya Kajiado, tukiwa na madaftari yetu mkononi, ili kupanga hatua na muda wa kila moja. Kwa kampuni za bima, tunasema kikundi kipo, wanachama wako tayari kuchangia, na tunangoja hati inayolingana na kazi yetu. Kwa wenye majengo, tunaomba jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya: kabla ya kumruhusu mtu apande, muulize akianguka nani atalipa, na msikubali apande mpaka jibu lipatikane.

Limetolewa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwa niaba ya wanachama wote.

Mwenyekiti
Katibu
Mweka Hazina